Jioni za Kuonja Mvinyo: Maswali Yanayoulizwa Sana na Wanaotaka Kuanza Biashara Hii

Majibu haya ni ya mtu anayependa mvinyo, anayeishi Dar es Salaam, Dodoma, Arusha au mji wowote wa Tanzania Bara, na anayetaka kukusanya watu kumi na kitu mezani, awaonjeshe, kisha alipwe. Bei zilizotajwa ni za mfano tu; weka za dukani kwako. Vipimo havibadiliki: chupa ya kawaida ni mililita 750 popote utakapoinunua.

Lazima niwe na cheti cha mvinyo?

Si lazima. Mgeni halipii cheti chako. Analipia jioni iliyopangika na mtu anayeweza kumweleza kilichomo ndani ya glasi kwa maneno anayoyaelewa. Ukitaka msingi wa kitaaluma, mitihani ya WSET, taasisi ya elimu ya mvinyo iliyoanzishwa London mwaka 1969, inajulikana duniani kote. Ngazi ya kwanza ni kozi ya siku moja yenye mtihani wa maswali 30 ya kuchagua jibu. Ya pili ina maswali 50 kwa saa moja na inahitaji wiki kadhaa za kusoma.

Faida kubwa ya kozi hizo ni utaratibu wa kuonja: kwanza unaangalia rangi, halafu unanusa, halafu unaonja ukitafuta utamu, uchachu, tanini (ule ukakasi unaokausha ulimi, kama wa chai kali), ukali wa pombe, uzito na ladha inayobaki baada ya kumeza, na mwisho ndipo unatoa hukumu. Ukiufuata kila mara, hata ukiwa peke yako nyumbani, baada ya chupa hamsini utakuwa na kitu cha kusema.

Pua ifundishe sokoni. Vitabu vingi vya mvinyo vinataja matunda ambayo mgeni wako hajawahi kuyashika. Mpe zambarau, pera, pasheni, ukwaju, embe bichi na ubuyu. Huko si kubahatisha: harufu ya pasheni na pera kwenye mvinyo mweupe wa Sauvignon Blanc hutokana na kemikali za jamii ile ile inayoyapa matunda hayo harufu yake. Karafuu unayoinusa kwenye mvinyo uliokaa ndani ya pipa la mwaloni ni eujenoli, ile ile iliyomo kwenye karafuu ya Pemba. Pilipili manga ya Syrah, zabibu nyekundu, nayo ina jina, rotandoni, na imo kwenye pilipili manga yenyewe. Weka karafuu nne na punje chache za pilipili manga kwenye vikombe viwili, vipitishe mezani kabla ya kumimina, uone meza itakavyochangamka.

Leseni gani zinahitajika?

Kuna njia mbili, na kwa anayeanza tunapendekeza ya pili.

Ya kwanza ni kuuza kileo mwenyewe. Hapo unahitaji jina la biashara au kampuni iliyosajiliwa BRELA, namba ya mlipakodi (TIN) kutoka TRA, leseni ya biashara, na leseni ya vileo inayotolewa na halmashauri. Anza kwa afisa biashara wa halmashauri yako, tena kabla hujakodi ukumbi, kwa sababu leseni ya vileo hufungamana na mahali. Leseni uliyopewa kwa ajili ya duka lako Sinza haikuruhusu kumimina mvinyo kwenye bustani ya mtu Mbezi.

Ya pili ni kufanyia shughuli ndani ya mgahawa au hoteli ambayo tayari ina leseni. Wao ndio wauzaji wa kileo, wewe unauza ujuzi, mpangilio na tiketi. Ukileta chupa zako, watakutoza ada kwa kila chupa inayofunguliwa. Ukinunua kwao, omba bei ya chini kwa chupa sita na zaidi. Yote yaandikwe: nani ananunua chupa, nani anatoa risiti, nani analipia glasi zikivunjika, na saa ngapi mnatakiwa kuwa mmetoka. Makubaliano ya mdomo huvunjika usiku ule ule ambao mwenye mgahawa amepata sherehe kubwa zaidi.

Zanzibar ina sheria na mamlaka yake ya vileo, na leseni ya Bara haivuki bahari. Kenya nayo ni habari nyingine: kuna sheria ya vileo ya mwaka 2010, na leseni hutolewa na kaunti.

Chini ya miaka 18 haingii. Hata akija na mzazi.

Wageni wangapi kwa jioni moja?

Kumi na wanne. Namba hii imetoka kwenye chupa.

Kionjo kizuri ni mililita 50. Chupa yenye 750 inatoa vionjo 15 kwenye karatasi, lakini lazima wewe uonje kwanza kabla ya mgeni (sababu iko chini, kwenye swali la chupa mbovu), kuna matone yanayopotea, na mvinyo mwekundu uliokaa huwa na mashapo chini ambayo hayamiminwi. Inabaki salama kwa watu 14. Wakiwa 15 au 16, kila aina ya mvinyo inakudai chupa ya pili, na hapo ndipo faida inapoyeyuka bila wewe kuelewa imekwenda wapi.

Unaweza kuwabana watu 16 kwenye chupa moja kwa kumimina mililita 45, maana 16 mara 45 ni 720. Inawezekana, ila mkono wako usitetereke hata mara moja. Tumia kikombe cha kipimo kwa glasi ya kwanza, kisha linganisha nyingine kwa macho zikiwa zimepangwa kwenye mstari. Anayemimina kwa kukadiria, karibu kila mara anazidisha kwa watu wa mwanzo, na mgeni wa mwisho anapata tone la aibu.

Tiketi niiweke bei gani?

Tuchukulie mvinyo aina sita, chupa moja moja, kwa wastani wa shilingi 35,000: jumla 210,000. Ukumbi 150,000. Barafu na maji 30,000. Msaidizi mmoja wa kumimina na kuosha glasi 40,000. Usafiri 40,000. Karatasi za kuandikia 10,000. Mpaka hapa ni 480,000, na utazilipa hata wakija watu watatu. Chakula ni 15,000 kwa kila mgeni.

Tiketi ikiwa 70,000, kila mgeni anakuachia 55,000 baada ya chakula chake. Gawa 480,000 kwa 55,000: unahitaji wageni 9 ili usile hasara, na wakiwa 9 kamili unabaki na 15,000, nauli ya kurudi nyumbani. Wakiwa 14 unabaki na 290,000.

Sasa angalia wakiwa 16 kwa kionjo cha mililita 50. Mvinyo unapanda hadi chupa 12, shilingi 420,000. Mapato ni 1,120,000, gharama zote ni 930,000, unabaki na 190,000. Umeongeza wageni wawili na kupoteza laki moja. Ili urudi ulipokuwa unahitaji watu 18. Kwa hiyo uza tiketi 14 ufunge, au jipange kwa 28 ukiwa na wasaidizi wawili. Katikati hapo ni shimo.

Hatujagusa kodi, glasi zilizovunjika wala muda wako. Ukiona 290,000 ni ndogo kwa siku mbili za maandalizi, uko sahihi. Pandisha bei, au tafuta wateja wa ofisi.

Chupa za akiba ninunue ngapi?

Mbili: moja nyeupe na moja nyekundu, za aina unayoweza kuinywa au kuiuza baadaye. Isipofunguliwa si gharama, ni stoo.

Nianze na mvinyo gani? Wateja wengi wanataka mtamu tu.

Usimcheke anayependa mtamu. Ndiye soko. Ila mtamu uje mwisho, kwa sababu ukitangulia, kila mvinyo mkavu (usio na utamu) utakaofuata utaonekana kama siki. Mpangilio unaofanya kazi: wenye mapovu, mweupe mkavu mwepesi, mweupe mzito, mwekundu mwepesi, mwekundu wenye tanini, kisha mtamu.

Jioni isiyo na mada ni unywaji tu. Mada rahisi na yenye nguvu kwa Tanzania ni zabibu moja, nchi tatu: Chenin Blanc. Inalimwa Dodoma, Afrika Kusini ndiyo inayoilima kwa wingi kuliko nchi yoyote, na zamani wakulima wa huko waliiita Steen, na asili yake ni bonde la Loire, Ufaransa, ambako mvinyo mweupe wa Vouvray hutengenezwa kwayo. Weka moja kutoka kila nchi, funika chupa kwa bahasha za kaki zilizoandikwa A, B na C, na uwaulize wageni ipi ni ya nyumbani. Wengi hukosea. Mazungumzo yanayofuata huwa bora kuliko hotuba yoyote uliyoandaa.

Nusu ya pili iwe ya mwekundu: Makutupora ya Dodoma, Syrah, na Pinotage ya Afrika Kusini, zabibu iliyozaliwa Stellenbosch mwaka 1925 pale Abraham Perold alipochavusha Pinot Noir kwa Cinsaut.

Niseme nini kuhusu Dodoma?

Sema kwamba zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima ndiye anayeuamsha kwa kuupogoa, na takribani miezi minne baadaye anavuna. Mavuno ya Februari na Machi huangukia kwenye mvua, magonjwa ya ukungu ni mengi na sukari hupungua. Ya Agosti na Septemba hupata jua kavu, na zabibu huwa tamu zaidi. Sukari ndiyo inayogeuka pombe, hivyo msimu unaonjeka kwenye glasi.

Makutupora ni jina la mahali kabla ya kuwa jina la zabibu: kaskazini mwa jiji la Dodoma, kilipo kituo cha utafiti wa zabibu. Mizabibu yenyewe ililetwa na wamisionari, na misheni ya Bihawana ni jina utakalolisikia kila ukiuliza wazee.

Utakutana pia na watu wanaokuuzia mchuzi wa zabibu, yaani mvinyo ghafi usiofungashwa, kwenye madumu, kwa bei ya kuvutia. Kwa biashara yako, acha. Hauna stempu ya kodi, hauna alama ya TBS, na ndani ya dumu la plastiki kwenye joto huanza kuelekea siki ndani ya siku chache. Chupa yoyote unayoweka mezani iwe na stempu ya TRA. Programu ya simu ya Hakiki Stempu inakuonyesha kama ni halali.

Joto la Dar linaharibu mvinyo?

Ndiyo, na ndilo kosa namba moja la wanaoanza. Mwekundu “wa joto la chumba” ni maneno ya nyumba za mawe za Ulaya. Sebule yako ya Kinondoni ina nyuzi 30. Kwa joto hilo pombe inapanda puani, matunda yanapotea, na mvinyo mzuri wa 60,000 unaonekana kama wa 15,000.

Lenga nyuzi 6 hadi 8 kwa wenye mapovu na mtamu, 8 hadi 10 kwa mweupe mwepesi, 11 hadi 13 kwa mweupe mzito, na 16 hadi 18 kwa mwekundu. Kionjo kidogo hupata joto haraka ndani ya glasi, kwa hiyo mimina ukiwa nyuzi mbili chini ya lengo. Nunua kipimajoto cha jikoni. Mkono hudanganya.

Ndoo ya lita 20 inabeba chupa nne, kilo tano za barafu, na maji mpaka kwenye mabega ya chupa. Maji ni muhimu: barafu tupu huacha nafasi za hewa, na hewa haipokei joto vizuri. Tupa konzi mbili za chumvi uharakishe zaidi. Mweupe uliotoka kabatini ukiwa nyuzi 30 utafika 9 kwa kama nusu saa. Mwekundu unahitaji dakika 8 hadi 10 tu humo, au karibu saa moja na nusu kwenye friji. Ushauri wa “nusu saa kwenye friji” unaousoma mtandaoni umeandikwa kwa vyumba vya nyuzi 20.

Na usiitegemee friji ya ukumbi. Umeme ukikatika saa kumi jioni, deli lililojaa barafu ndilo litakalookoa tiketi 14.

Nitajuaje chupa imeharibika?

Kwa kuonja kila chupa dakika 30 kabla ya wageni kuketi. Tafuta haya:

Ugonjwa wa kizibo. Harufu ya boksi lililoloa au godauni lenye ukungu, matunda yamekufa. Husababishwa na kemikali iitwayo TCA kwenye kizibo cha gome la mti. Haina madhara kiafya, na haina dawa. Fungua ya akiba. Chupa za kifuniko cha kuzungusha karibu hazina tatizo hili, kwa hiyo usizidharau.

Kupikwa na joto. Kwa miji yetu ya pwani hili hutokea mara nyingi zaidi kuliko la kizibo. Kizibo kimejisukuma juu, shingo ina mvinyo uliovuja na kukauka, ladha ni ya jemu iliyochemka. Nunua kwenye duka lenye kiyoyozi na omba chupa ya stoo, si ile iliyosimama dirishani ikipigwa na jua miezi mitatu.

Kuingiwa na hewa. Mweupe umekuwa rangi ya chai ya rangi na unanuka tofaa lililokatwa na kuachwa.

Siki, au harufu ya rangi ya kucha: bakteria wamefanya kazi. Mwaga.

Harufu ya kiberiti au yai: hii mara nyingi hutoka yenyewe. Mimina kwenye jagi, zungusha, ngoja dakika 15.

Vijiwe vyeupe vinavyong’aa chini ya chupa si sukari wala vipande vya glasi. Ni chumvi za asidi ya zabibu zilizoganda kwa baridi. Waeleze wageni kabla hawajauliza.

Glasi ngapi, na za aina gani?

Mbili kwa kila mgeni, moja ya mweupe na moja ya mwekundu, pamoja na sita za akiba: 34 kwa watu 14. Glasi sita kwa kila mtu zinapendeza kwenye picha, lakini ni glasi 84 za kuosha. Glasi ya kuonjea ya kiwango cha ISO ina ujazo wa mililita 215 na mdomo uliobanwa kwa ndani. Yoyote inayofanana nayo inatosha.

Osha kwa maji ya moto na sabuni kidogo isiyo na manukato, suuza mara mbili. Usizihifadhi zikiwa kichwa chini ndani ya boksi: hufyonza harufu ya boksi, na utamwaga chupa nzima ukidhani ni ugonjwa wa kizibo.

Chakula gani kiende na mvinyo?

Wakati wa kuonja, mkate usio na ladha kali, maji (nusu lita kwa kila mgeni, isipungue) na korosho zisizo na chumvi. Chakula chenyewe kije baada ya mvinyo wa tatu na baada ya wa sita.

Adui ni pilipili. Pombe na tanini huikoleza, na mgeni anayekula mishikaki ya pilipili na mwekundu mkali atasema mvinyo ni mbaya. Kama lazima pilipili iwepo, ipe mweupe wenye utamu kidogo na pombe ndogo. Chumvi na mafuta hulainisha tanini, ndiyo maana nyama choma yenye mafuta na mwekundu mzito hupatana. Samaki wa kupaka anaitaka Chenin yenye uchachu ili ikate nazi. Kachumbari yenye limao nyingi huua karibu kila kitu, iweke pembeni.

Na tafadhali, udi usifukizwe ukumbini siku hiyo. Kwenye mwaliko waombe wageni waache manukato mazito nyumbani.

Jioni nzima inakwenda vipi?

Andika saa 12:30 jioni kwenye tiketi, anza saa 1:15 usiku. Wape wa mapema wenye mapovu, kama umo kwenye orodha yako, na uwaache wazoeane. Kila mvinyo dakika 12 hadi 15, na wewe usizungumze zaidi ya dakika nne kati ya hizo. Maliza saa 3:30. Ukizidisha aina sita, ndimi zimechoka na hakuna anayekusikiliza.

Watu watalewa?

Vionjo sita vya mililita 50 ni mililita 300. Kwa mvinyo wa asilimia 13, hiyo ni takribani gramu 31 za pombe, sawa na glasi mbili za kawaida. Mtu mwembamba asiyekula atazisikia. Weka chombo cha kutemea kati ya kila wageni watatu na uanze kutema wewe, mbele yao, la sivyo hakuna atakayethubutu. Aliyekuja na gari aambiwe mapema aje na dereva au aite teksi. Anayeomba aongezwe mara ya tatu, mpelekee maji na chakula kwanza.

Asiyekunywa, aliyekuja kumsindikiza mwenzake, mtoze nusu na umpe juisi ya rosela isiyo na sukari nyingi. Ina uchachu na ukakasi, hivyo anaweza kushiriki mazungumzo yote ya ladha.

Wageni wanathibitisha kisha hawaji. Nifanyeje?

Hakuna nafasi bila malipo kamili kwa Lipa Namba, siku tatu kabla. Hazirudishwi, ila anaweza kumpa rafiki. “Nitalipa mlangoni” maana yake haji.

Kampuni zinalipa vizuri zaidi?

Kwa kawaida ndiyo, ila zinachelewa. Omba nusu kabla ya kununua chupa. Watataka risiti ya EFD, na watakata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye ada ya huduma. Dai cheti chake ili kihesabiwe kwenye kodi yako. Wengi wao si wapenzi wa mvinyo, wametumwa na ofisi. Punguza aina ziwe nne, ongeza mashindano ya kubahatisha chupa zilizofunikwa, na ukague orodha ya vyakula na wahusika wa kampuni.

Mabaki ya chupa niyafanye nini?

Mimina usiku ule ule kwenye chupa ndogo safi za mililita 375 mpaka mdomoni kabisa, funga, weka kwenye friji, mwekundu pia. Hewa kidogo na baridi vinakupa siku tatu hadi tano. Wenye mapovu bila kifuniko chake maalumu haufiki kesho jioni. Usiyamimine kwenye tukio linalofuata: yatumie kujifunzia, onja kila siku na uandike kinachobadilika, mpaka utakapoijua harufu ya mvinyo ulioingiwa na hewa bila kuambiwa. Yaliyozidi hapo yaingie kwenye sufuria ya nyama.